Samli ya Maji Mia

Bhakrasar, 2 Aprili 1996

Wifi Jivanti,

Shikamoo. Bhitauli yako imefika siku tatu zilizopita, na mwezi wa Chait ungali una siku zake, kwa hiyo mama mkwe amenuna. Unamjua. Watu wa huku jangwani hawana desturi hii ya kaka kumpelekea dada aliyeolewa zawadi kila Chait, lakini tangu nilipomweleza, miaka kumi na tisa iliyopita, ameishika kuliko sisi wenyewe, apate cha kunichomea. Kaka yako amekuwa majivu miaka saba, ananiambia, mwaka huu nani atakuletea? Nikamwekea mbele yake singal zako, vile vitumbua vitamu vya kukaanga, kitambaa cha sari na kile kikopo cha samli ya maji mia. Nikamwambia wifi yangu ana mikono miwili.

Samli ilifika nyeupe na baridi, utadhani umeifunika sasa hivi. Nimejipaka visigino siku tatu na nyufa zimeanza kufunga. Mke wa mkuu wa stesheni ameona, ameomba yake. Jirani yake naye vilevile. Upepo wa huku unatuchubua watu kama viazi, kwa hiyo wateja hawatakosekana.

Sasa neno lenyewe. Bhuwan ameniandikia kwamba anataka kukushusha mjini Haldwani ukaishi naye. Anasema huko kwetu mlimani, Kafalkhet, zimebaki nyumba tatu tu zinazofuka moshi na mama yake hana cha kumkalisha kule. Wifi, usishuke. Nilikwambia siku ile tunamchoma kaka yangu, na leo narudia: ukifunga mlango ule mimi sina tena kwetu, nitakuwa mtu wa kuokotwa. Nimemjibu Bhuwan kwamba mama yake ana kazi na ana wateja. Amekubali kukuacha hadi Diwali ikiwa kazi itaendelea. Basi iendelee. Tuma vikopo viwili upesi kabla mwezi wa Jeth haujaingia, maana joto la Jeth huku halina adabu.

Nijibu haraka. Sikai wala silali mpaka nijue.

Wako,
Khasti

*

Kafalkhet, 13 Aprili 1996

Khasti, mwanamke wa mchanga,

Marahaba. Wewe hukuanza leo kuamrisha watu. Nilipoletwa nyumba hii bibi harusi, sijui hata kisima kiko wapi, wewe mtoto wa miaka kumi ulinituma kuni siku ya pili. Nikaenda, na leo bado naenda.

Samli yako nimeshaiosha. Nimekaa na sahani ya shaba na maji ya chemchemi tangu ng'ombe Binduli alipokamuliwa. Namwagia maji, nasugua kwa kiganja, namwaga maji, nahamisha punje moja ya maharage kutoka bakuli hili kwenda lile. Punje mia. Kwenye sitini inaanza kuwa nyeupe, kwenye themanini inakuwa nyepesi, na hapo mkono wangu si wangu tena. Lakini sikia na uwaambie hao wateja wako. Ikiyeyuka mara moja tu, maji yanajitenga, samli inarudi kuwa samli ya chapati, na zile mara mia zimekwenda bure. Hairudi hata uiombe.

Nimejaza vikopo viwili vya shaba na kuviziba kwa donge la unga wa ngano, kama vyombo vya bhitauli vinavyozibwa tangu enzi za mama yako. Vitatoka Alhamisi. Jumanne na Jumamosi kitu cha binti hakitoki nyumbani, hilo sina haja ya kukufundisha.

Familia ya Parbati inashuka kesho. Chui alimchukua mbwa wao uani, mchana kweupe. Nakuandikia tu, usianze kulia.

Barua zako kuanzia sasa zitume kwa Bhuwan, Haldwani. Tarishi wetu ana goti bovu, hapandi huku ila mara mbili kwa mwezi. Bhuwan atanifikishia.

Wifi yako,
Jivanti

*

Bhakrasar, 30 Aprili 1996

Wifi Jivanti,

Shikamoo. Vikopo vimefika jana. Vimefika vizuri sana, samli kama ilivyotoka. Mke wa mkuu wa stesheni amefurahi mpaka akanikumbatia, na sasa anataka nyingine tatu.

Ila wanawake wa huku wana maneno, nami nakufikishia tu. Wanapenda chupa ya kioo, ati wanataka kuona wanachonunua. Wanasema shaba inapata joto haraka na samli ikikaa ndani yake inageuka kijani. Si yako, nasema kwa jumla. Halafu donge la unga likikauka linapasuka. Tena kuna mmoja, si mimi, ameuliza kama huwezi kutia nta ya nyuki kidogo iwe ngumu.

Na hiyo Alhamisi, wifi. Mzigo ukitoka Alhamisi unafika kwetu Jumamosi ya wiki ya pili, na Jumapili nzima unalala kwenye kibanda cha bati. Si kwamba kuna kilichoharibika. Najaribu tu kufikiria mbele.

Binduli hajambo? Mlango wa mbele bado unalia ukifunguliwa? Niambie habari za nyumbani, hata ndogo. Nakaa hapa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Khasti

*

Bhakrasar, 30 Aprili 1996
Kwa Bhuwan, katika duka la matairi

Mwanangu Bhuwan,

Nakuandikia kazini kwako makusudi ili barua hii isije ikapanda Kafalkhet pamoja na nyingine. Vile vikopo vya mama yako vimefika mafuta matupu. Donge limepasuka, nusu imemwagika kwenye kitambaa, na kilichobaki kilikuwa na sisimizi zaidi ya samli. Bibi yako wa huku amechuja na kula na mkate wa mawele. Amesema samli ya kwetu ina maji.

Hakuna mke wa mkuu wa stesheni aliyenunua. Yule aliyeomba mwanzo nilimwambia bado haijafika. Nimelia, halafu nimeandika kwamba mambo ni mazuri, maana mama yako akijua samli haifiki, kazi imekwisha, na kazi ikiisha utamshusha, na nyumba ya baba yako itaota majani sebuleni. Usimwambie, nakuomba. Wewe ni mwanamume unayesafirisha vitu kila siku. Mfundishe namna ya kufunga, useme ni mawazo yako.

Shangazi yako,
Khasti

*

Haldwani, 9 Mei 1996

Shangazi,

Shikamoo. Barua imefika, wenzangu dukani wameuliza kama nina mchumba huko jangwani Rajasthani.

Sitamwambia mama. Siku hizi mimi ni mtu wa kutomwambia mtu kitu, naona ndiyo kazi yangu ya pili.

Kuhusu kufunga: chupa ijazwe mpaka mdomoni isibaki hewa ya kupata joto. Kifuniko kifungwe na mfuko wa plastiki. Chupa izungushiwe sufu nene, halafu iwekwe katikati ya boksi la maranda ya seremala. Wauza barafu wa hapa hufanya hivyohivyo, na barafu yao inafika mpaka kijiji cha nne. Blanketi halijui kama linazuia baridi au joto. Itoke Jumatatu. Nitamweleza.

Mengine usiniulize, tafadhali.

Bhuwan

*

Kafalkhet, 12 Mei 1996

Khasti,

Marahaba. Nimefurahi kwamba wateja wako wamefurahi. Kumbatio la mke wa mkuu wa stesheni nimelipokea.

Nta sitii. Anayetaka nta ajipake mshumaa. Nta inakaa juu ya ngozi kama mgeni asiyetaka kuvua viatu. Lakini mambo ya chupa nimeyakubali, kwa sababu na Bhuwan naye, ajabu, ameniambia hayohayo. Nimeweka chupa tatu ndani ya shali yangu ya sufu ya zamani, ile ya rangi ya damu ya mzee, na maranda pande zote. Zitatoka kesho Jumatatu. Nimekataa kuangalia kalenda ya kuhani, dhambi iwe juu yako.

Binduli hajambo, anakula vizuri, ameongeza maziwa. Mlango bado unalia. Aprikoti za mlimani, zile za manjano zenye kokwa, zimeanza kuiva nyuma ya zizi. Hakuna zaidi. Nyumba ni nyumba.

Ukifungua chupa, niambie juu ya samli pakoje. Nieleze vizuri, nataka kujua.

Jivanti

*

Bhakrasar, 22 Mei 1996

Wifi Jivanti,

Shikamoo. Zimefika jana, chupa zote tatu nzima, na safari hii ni siku nane tu badala ya kumi na moja. Nimeshangaa. Umeuliza juu pakoje: juu palikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga, hapana hata alama. Nilisita kuchovya kidole. Mke wa mkuu wa stesheni amechukua mbili palepale, mama mkwe ameficha ya tatu.

Joto limeshafika arobaini na nane. Mbuzi wanalala wamesimama ukutani. Mimi naenda posta kila siku, na karani ameanza kunitania kwamba mume wangu mwingine lazima ni mwandishi. Siwezi kutulia, wifi. Nikikaa ndani naona nyumba ya Kafalkhet imefungwa. Nikitoka nje jua linanipiga makofi.

Jambo dogo. Samli ya Binduli tangu zamani ina unjano kama ua la haradali, hata ikioshwa hubaki kivuli chake. Hii ilikuwa nyeupe kama ya nyati. Umembadilishia majani?

Khasti

*

31 Mei 1996

Khasti,

Nimesoma barua yako mara tatu na kila mara nimezidi kukasirika, kwa hiyo leo hakuna marahaba.

Kwenye kila chupa niliweka kokoto jeupe, ukubwa wa punje ya njegere, nikalikandamiza kidogo juu ya samli. Samli ikifika ngumu, kokoto linakutazama usoni mara unapofungua. Ikiyeyuka, kokoto linazama hadi chini. Wewe unaniambia juu palikuwa laini, hapana hata alama. Kokoto liko wapi, Khasti? Liko chini ya mafuta. Au hukufungua kabisa. Au hao wateja umewazaa wewe.

Nilishuku tangu ile barua ya vikopo. Mtu aliyepokea kitu kizuri hasemi "si yako" na "si kwamba kuna kilichoharibika" katika ukurasa mmoja.

Mkono wangu wa kulia haukunji ngumi tangu wiki iliyopita. Mara mia, mara tatu. Unanifanya nisugue hewa kwa nini? Kama haifiki sema haifiki, nipumzike. Mimi si mtoto wa kufichwa.

Jivanti

*

Bhakrasar, 8 Juni 1996

Wifi,

Umenikamata, nami nakiri. Zote zimeyeyuka. Vikopo viliyeyuka, chupa ziliyeyuka, na makokoto yako matatu ninayo hapa kwenye kisahani, niliyaona nilipomimina na nikadhani ni vijiwe vilivyoingia na maranda. Sina mteja hata mmoja. Samli yako imeliwa na mkate na nyingine imewashia taa ya sala. Nilidanganya kwa sababu samli ilikuwa kamba, wifi, na nyumba imefungwa kwenye kamba hiyo. Nimeona aibu na bado naona.

Lakini kwa kuwa leo ni siku ya kukamatana, nami nina langu. Boksi la chupa lina muhuri wa posta. Nimeufuta vumbi kwa ukaya wangu na kuusoma herufi kwa herufi. Haukugongwa Someshwar, posta ya kwetu. Umegongwa Haldwani. Kijiji hakitumi mzigo Haldwani ili ugongwe muhuri. Samli ni ya nyati, na sisi hatujawahi kuwa na nyati. Maranda yana harufu ya mbao za kiwandani. Na barua yako ya mwisho haina jina la mahali pale juu, kwa mara ya kwanza tangu uanze kuniandikia.

Muhuri, samli na maranda nilivijua tarehe 22 Mei na nikajifanya kuuliza habari za majani. Sikutaka kujua. Sasa nauliza. Uko wapi? Binduli yuko wapi? Nani yuko Kafalkhet?

Usinijibu kwa mafumbo.

Khasti

*

Haldwani, 11 Juni 1996

Shangazi,

Naandika bila mama kujua, na kabla jibu lako kwake halijafika, kwa mara ya mwisho naapa kwa mungu wetu Golu. Nimechoka. Wewe umeniapisha nisimwambie, yeye ameniapisha nisikwambie, na mke wangu Hema anasema mimi nikifa nitachomwa pamoja na siri za wanawake.

Mama yuko hapa tangu tarehe 21 Aprili. Anakaa nasi ghorofa ya pili. Kila siku yuko juu ya paa na sahani yake ya shaba. Maji ya bomba hapa yanatoka ya moto kama chai, kwa hiyo ananunua barafu ayapoze, na samli anainunua kwenye duka la maziwa. Nikimwambia aache anasema wateja wa Khasti wanasubiri. Nami najua hakuna wateja, nasimama pale kama mlingoti.

Halafu jua na hili. Sikumshusha. Nilimwambia akae hadi Diwali kama tulivyokubaliana. Ni yeye aliyeniomba.

Bhuwan

*

Haldwani, 18 Juni 1996

Khasti,

Umeona jina la mahali. Ndipo nilipo.

Nitaandika yote halafu utanichukia kwa mpangilio. Nilipokuandikia tarehe 13 Aprili vitu vyangu vilikuwa vimeshafungwa mafundo, nami nimeyakalia mafundo hayo huku naandika. Tarishi hana goti bovu, anapanda kama mbuzi. Binduli nimempa Parbati, ameshuka naye Someshwar, na nasikia anamlisha vizuri. Mlango nimeufunga mwenyewe. Vibamba viwili vya paa upande wa jikoni vilikuwa vimeshuka tangu Machi na hapakuwa na mtu wa kuvipandisha.

Nilikuwa naogopa, Khasti. Sijawahi kumwambia mtu. Watu wakidhani mjane mzee wa mlimani haogopi kitu, wanakosea. Chui alipomchukua mbwa wa Parbati nilikuwa natazama, niko kwenye kizingiti na ungo mkononi, na sikupiga hata kelele. Tangu siku ile nilikuwa naingia ndani jua likiwa bado juu, naweka gogo mlangoni, nakaa. Siku nyingine nilizungumza na maharage ya kuhesabia. Nilitaka kusikia mtu akikohoa chumba cha pili. Sasa namsikia Bhuwan akikohoa, na mtoto wa Hema ananivuta nywele, na nimenenepa. Huo ndio ukweli, nimefurahi kushuka.

Utauliza kwa nini basi sikusema. Wewe unajua kwamba nilikuwa na kaka mmoja, Trilok. Alikufa mwaka niliomzaa Bhuwan. Tangu hapo, miaka ishirini na sita, Chait inaingia na kutoka. Kaka yako Umed, Mungu amweke pema, alikuwa anabeba kapu kuja kwako, mimi nikikaanga singal na kulifunga, na hakuna kapu lililowahi kuja mlangoni kwangu. Nilizoea. Lakini najua jinsi inavyokuwa kusimama unatazama njia ambayo hakuna mtu anayekuja kwa ajili yako. Sikuweza kukufanyia hivyo. Nilifikiri samli ikiendelea kuja, utadhani inatoka nyumbani, na haidhuru mtu.

Hakuna tena nyumba ya kukutumia kitu, Khasti. Nisamehe.

Jivanti

*

Bhakrasar, 29 Juni 1996

Wifi Jivanti,

Shikamoo.

Barua yako ilifika Jumanne. Jumanne na Jumatano nilikuwa na hasira, sitakuficha. Niliwapigia kelele mbuzi. Nilimwambia mume wangu kwamba nyumba niliyozaliwa, mtu ameifunga kama duka na hakuniita hata niiage. Hukupaswa kunificha. Nyumba ilikuwa yangu kuilia, ukaninyima kilio changu. Hilo nimelisema na nimemaliza.

Alhamisi nilisoma tena pale kwenye kapu. Wifi, nimekula singal zako miaka kumi na tisa. Kila mwaka nimehesabu ni ngapi, zimekatika ngapi, kitambaa ni cha rangi gani, mwaka jana kilikuwa kizuri zaidi. Trilok nilimjua, alinibeba begani siku ya harusi yako. Na sijawahi kujiuliza, hata mara moja, wewe unaletewa na nani. Nimekaa na jambo hilo na limenishinda kukaa nalo.

Basi sikiliza. Nimenunua samli ya ng'ombe kwa majirani wa kisima cha juu. Sahani ya shaba nimeazima kwa mke wa mkuu wa stesheni, angalau ameingia kwenye biashara hii kweli. Maji yetu yana chumvi, nimekusanya ya mvua yaliyokuwa kwenye tangi la hekalu, nikayaning'iniza kwenye mtungi kivulini yapoe. Mama mkwe amekaa upande wa pili kuhesabu punje. Kwenye hamsini alisema mkono wangu ni mlegevu, akanisukuma, akasugua yeye thelathini. Nadhani aliiba mbili katika hesabu. Ilipogeuka nyeupe akasema kitu hiki usimpelekee mtu asiyekuwa wako.

Nimefunga kama Bhuwan alivyofundisha, sufu na maranda. Inatoka Jumatatu. Humo mna kitambaa pia, na vitamu vya ufuta kwa sababu singal sijui kukaanga, zilikuwa zinakuja zimekaangwa. Si Chait, ni Asadh, na desturi ni kaka kwa dada, si mtu wa jangwani kwa wifi yake. Haidhuru. Ni bhitauli yako. Usimwambie mtu kwamba ni kitu kingine.

Huku leo ni arobaini na sita. Niambie ilivyofika. Niambie kweli.

Khasti

*

Haldwani, 10 Julai 1996

Khasti,

Marahaba.

Imefika imeyeyuka. Yote. Mafuta juu, maji chini, na kifuniko kimevuja mpaka vitamu vya ufuta vimelowa. Umeniambia niseme kweli, ndiyo hiyo. Ulibakiza hewa mdomoni mwa chupa, nimeona alama, na sufu uliyotumia ni nyembamba. Mwakani nitakufundisha, utakapokuja, na utakuja, chumba tunacho.

Tarishi aliita jina langu kutoka chini. Si la Bhuwan, langu. Nilishuka ngazi zote mbili bila kandambili. Nimefungua palepale ukumbini, nimekaa chini, nimejipaka mikono yote hadi kwenye viwiko, na miguu, na usoni nikapaka, samli ya chapati yenye vumbi la jangwani, nikawa nang'aa kama sanamu la sikukuu. Nimelia mbele ya mtoto. Ngumi ya mkono wa kulia inakunjika kidogo leo.

Hema alitoka jikoni akanikuta hivyo, mafuta kila mahali. Akauliza, "Mama, hii imetoka wapi?"

Nikamwambia, "Kwetu."

Jivanti